Je, Yatupasa Kuwaambia Washarika? Neno juu ya mwisho wa Injili ya Marko



Mwezi huu twapenda kuwaza pamoja nanyi juu ya jambo lililotusumbua moyo kwa muda mrefu. Mtu aliyefunzwa chuoni akijua neno fulani juu ya Maandiko Matakatifu, neno ambalo wenye elimu wamelichunguza na kuliona kuwa kweli, nao washarika wake hawalijui, tena yeye akiogopa ya kuwa wakilisikia watafadhaika, je, atenda dhambi akilinyamazia? Au atenda dhambi akilisema? Hatuulizi kama mtu afumbaye fumbo ili kuwajaribu wenziwe. Twauliza kwa kuwa sisi wenyewe tuliulizwa, tukajibu vibaya.

Ilikuwa katika darasa la Kipaimara. Tulikuwa tumefika katika fungu la Ubatizo katika Katekisimo Ndogo, pale Dkt. Martin Luther aulizapo maneno na ahadi za Mungu ni zipi, kisha ajibu kwa neno la Bwana lililo katika sura ya mwisho ya Marko, juu yake yeye aaminiye na kubatizwa. Watoto walikuwa wakikariri kwa sauti moja. Kijana mmoja akanyosha mkono. Alikuwa na Biblia ya tafsiri mpya, aliyoletewa na kaka yake kutoka mjini, akasema, "Samahani, Baba Mchungaji. Katika kitabu changu maneno haya yametiwa ndani ya vifungo, na chini imeandikwa ya kuwa hati za kale hazinayo. Maana yake nini?"

Maana yake tuliijua. Tulifundishwa chuoni, tukaandika katika daftari, tukaulizwa katika mtihani, tukajibu vizuri. Lakini siku ile tuliwatazama watoto wale wote, na mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma kutusaidia, tukasema, "Hayo ni mambo ya wapiga chapa, mwanangu. Endeleeni kukariri." Akaketi. Akapata Kipaimara pamoja na wenzake. Baada ya miaka miwili hakuonekana tena kanisani. Tulipomwendea nyumbani kwao alitupokea kwa heshima, akatupa kiti, akatuamkia kama mtoto aliyelelewa vema, kisha akasema, "Baba, sikukasirika. Ila niliuliza kwingine, nikaambiwa. Basi nikawaza moyoni, ikiwa hili Baba alilijua akalificha, ni mangapi mengine?"

Hatukuwa na la kumjibu.

Basi, na tuseme wazi jambo lenyewe, maana wengi husikia uvumi wake tu, na uvumi huwa mkubwa kuliko habari. Kitabu kile hasa alichokiandika Marko kwa mkono wake hakipo tena duniani. Wala barua alizoziagiza Paulo hazipo, wala gombo la Isaya mwenyewe. Tulivyo navyo ni nakala, na nakala za nakala. Za Agano Jipya kwa Kiyunani zimehesabiwa zaidi ya 5000, nyingine kitabu kizima, nyingine kipande kisichozidi kiganja cha mkono. Kabla ya watu kujua kupiga chapa kila moja iliandikwa kwa kalamu, neno kwa neno. Kila mwalimu aliyepata kuwasomea watoto imla shuleni ajua yatokeayo: mmoja huruka mstari, mwingine huandika neno moja mara mbili, na yule mwenye akili kuliko wote husahihisha kosa ambalo si kosa.

Katika nakala nyingi sana Injili ya Marko hufika mstari wa 20 wa sura ya 16, kama tulivyozoea. Lakini nakala mbili za karne ya nne, ambazo ni za kale kuliko zote zilizobaki zenye sura hiyo, huishia katika mstari wa 8, pale wanawake wakimbiapo kutoka kaburini, wasimwambie mtu neno, kwa sababu ya hofu. Moja iko Rumi katika maktaba ya Vatikano, na mwandishi wake aliacha safu nzima tupu baada ya mstari ule wa 8; labda alipata kusikia ya kuwa kuna maneno mengine, asiyapate katika kitabu alichokinakili. Ya pili ilikuwa katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Katarina, chini ya mlima wa Sinai.

Hiyo ya Sinai ina hadithi yake, nayo haiwapendezi wote. Konstantin Tischendorf, Mlutheri wa Saksonia, mwenye elimu kubwa, alifika huko mwaka 1844 akapata baadhi ya kurasa. Yeye alisema alizikuta katika kapu, karibu kutiwa motoni. Watawa wamekana neno hilo tangu zamani. Akarudi mwaka 1859, akaonyeshwa sehemu kubwa ya kitabu, akaiazima, akaandika ahadi kwa mkono wake ya kuirudisha. Haikurudi. Ilikaa Urusi mpaka serikali ya huko ilipoiuza kwa Waingereza mwaka 1933 kwa pauni 100,000. Twalitaja jambo hili ili tusidhani ya kuwa mtu akiwa na elimu nyingi amekuwa mtakatifu. Kitabu chasema kweli, na mkono uliokichukua una deni.

Tena msomaji asiyejua Kiyunani aweza kuona jambo fulani kwa macho yake mwenyewe. Fungua Marko 16. Mstari wa 1 wamtaja Mariamu Magdalene pamoja na wenzake, nao ndio waendao kaburini. Kisha mstari wa 9 wamtaja tena kama mtu ambaye hatujapata kumsikia, hata wamweleza kuwa ni yule aliyetokwa na pepo saba. Malaika katika mstari wa 7 amesema ya kuwa watamwona Bwana Galilaya, lakini baada ya hapo Galilaya haitajwi kabisa. Habari ya wale wawili waliokuwa wakitembea njiani yafanana na ile ya Luka 24, ila imefupishwa. Wajuao lugha huongeza ya kuwa hata maneno si yale azoeayo Marko kuyatumia. Kwa hiyo wenye elimu walio wengi husema ya kuwa mistari ile 12 haikutoka katika kalamu ya Marko, bali ilikusanywa na kutiwa pale na Wakristo wa zamani, ambao waliona haifai Injili kuishia katika hofu. Kama Marko mwenyewe alikusudia kuishia pale, au kama karasa yake ya mwisho ilipotea, hapo hawapatani, wala hatuoni kuwa watapatana.

Walakini si maneno ya jana. Irenayo, askofu wa Lyon, yapata mwaka 180 aliutaja mstari wa 19 kuwa ni wa Marko. Maana yake maneno hayo ni ya kale kuliko zile nakala mbili zisizokuwa nayo. Upande wa pili, Eusebio wa Kaisaria katika karne ya nne alikwisha kuandika ya kuwa nakala zilizo sahihi huishia katika mstari wa 8. Kwa hiyo mtu asiseme ya kuwa jambo hili limezushwa na watu wa siku hizi wasioamini. Baba zetu wa imani walilijua, wakaliandika, wakaendelea kuamini.

Sasa turudi kwa swali letu. Wale wanaosema heri kunyamaza si watu wabaya, wala si wajinga wote, nao wana sababu. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho ya kuwa ujuzi wa mtu waweza kumwangamiza ndugu aliye dhaifu. Mama mzee aliyejifunza kusoma kwa Injili ya Marko, tena akiwa mtu mzima, akaisoma sura ile kila Pasaka hata kurasa zikalegea, je, tumwendee tumwambie nini? Tena habari nusu ni mbaya kuliko kutokuwa na habari. Asikiaye ya kuwa mistari 12 ina shaka aweza kutoka mlangoni akisema ya kuwa mchungaji amesema Biblia ni ya uongo, na kufika jioni kijiji kizima kimesikia.

Katika Afrika yetu hii, upande wa kaskazini, jambo kama hili lilipata kutokea zamani. Augustino, askofu wa Hippo, alimwandikia Hieronimo mwaka 403 habari ya mji wa Oea, ambao leo huitwa Tripoli, katika nchi ya Libya. Askofu wa mji ule alisoma kanisani kitabu cha Yona katika tafsiri mpya ya Hieronimo, aliyoifanya kutoka Kiebrania. Walipofika penye ule mmea uliomfunika Yona kivuli, washarika hawakusikia jina walilolizoea tangu utoto, lile la mboga ya jamii ya maboga. Walisikia jina la mtambaazi upandao ukutani. Ikawa ghasia kanisani. Askofu ikambidi ageuze neno, asije akabaki peke yake bila kundi. Augustino akamsihi Hieronimo awahurumie watu. Hieronimo akajibu ya kuwa yeye afuata Kiebrania, tena akakiri ya kuwa mmea wenyewe hasa hauna jina katika Kilatini. Leo wengi wadhani ulikuwa mbarika, mti tuuonao kando ya nyumba zetu, nao watoto huokota mbegu zake bila kujua habari ya Yona.

Twampenda Augustino kwa sababu alikuwa mchungaji, akawaogopea kondoo. Lakini miaka 1600 imepita, na Kanisa la Magharibi lilikula chakula cha Hieronimo muda wa miaka elfu. Kama angalitishwa na ghasia ya Oea akatupa kalamu, hasara ingalikuwa ya nani?

Sisi Walutheri hatuwezi kusema ya kuwa uchunguzi ni jambo la wengine. Luther alipoketi Wartburg kufasiri Agano Jipya, akalitoa mwaka 1522, alitumia kitabu cha Kiyunani kilichotengenezwa na Erasmus na kuchapwa mara ya pili mwaka 1519. Ndani yake hayakuwamo yale maneno ya 1 Yohana 5:7 juu ya mashahidi watatu wa mbinguni, Baba, Neno na Roho, maneno waliyoyazoea watu katika Kilatini. Nayo yangalikuwa silaha nzuri ya kuutetea Utatu! Luther aliuamini Utatu kwa moyo wote, wala hakuyatia maneno yale. Wachapaji ndio waliokuja kuyatia katika Biblia yake, yeye akiwa amekwisha kufa. Twajifunza hapo ya kuwa mtu aweza kuikataa fimbo isiyo yake, ijapokuwa adui yuko mbele. (Habari ya waraka wa Yakobo, ambao aliufananisha na majani makavu, twaiacha, hapo twaona alipita kiasi.)

Lakini sura ile ya Marko Luther hakuitilia shaka. Nakala za Kiyunani alizozitegemea Erasmus zilikuwa za miaka ya baadaye sana, nazo zilikuwa na mistari yote. Kitabu cha Sinai kilikuwa bado kimelala jangwani. Kwa hiyo mwaka 1529 aliutia mstari wa 16 katika Katekisimo bila wasiwasi wowote, nasi twaukariri mpaka leo.

Kuna watu waliolipa kwa uhai wao kwa ajili ya mistari hiyo. Katika Marekani, yapata mwaka 1910, mhubiri mmoja aitwaye George Went Hensley, wa milima ya Tennessee, aliusoma mstari wa 18, usemao juu ya kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha, akauona kuwa ni amri. Akaanza kushika nyoka wenye sumu ibadani, na wengi wakamfuata. Mwaka 1955 huko Florida aliumwa na nyoka katika ibada, akafa. Hakuwa wa kwanza kufa hivyo, wala hakuwa wa mwisho. Hatusemi ya kuwa nakala ya Sinai ingalimponya. Mtu aliyekaza nia yake haponywi na karatasi. Tena mtu mwenye busara aweza kusoma mstari ule akijua ya kuwa ni wa Marko mwenyewe, asimjaribu Bwana. Lakini mwalimu ajuaye ya kuwa mstari una shaka, kisha aona watu wakiweka roho zao juu yake, naye akanyamaza kwa kuogopa maneno ya watu, huyo tutamwitaje? Si nyoka tu. Hapa kwetu tumeona mgonjwa akizuiwa asipelekwe hospitali kwa sababu ya maneno ya mstari uo huo juu ya kuweka mikono.

Basi, sisi tumekata shauri ya kuwa yatupasa kusema. Lakini namna ya kusema nayo ina hukumu yake. Tumewaona vijana watokao chuoni wakiwa na elimu yao kama mtu aliyevaa viatu vipya, hutembea ili visikike. Jumapili ya kwanza wasema si Musa aliyeandika, Jumapili ya pili si Isaya mmoja bali wawili au watatu, na washarika warudi nyumbani na njaa. Mengine katika hayo ni ya kufikiri sana. Hata mtoto aweza kuuliza Musa aliandikaje habari ya kufa kwake katika Kumbukumbu la Torati 34. Lakini kuna tofauti kati ya jambo lililoonekana kwa macho katika ngozi ya kale, na wazo ambalo mwalimu mmoja amelitoa na mwenziwe atalipinga mwakani. Mtu akiyachanganya hayo mawili juu ya mimbari, hajafundisha elimu, ameonyesha viatu.

Na aliyeonyeshwa shaka aonyeshwe pia yaliyo imara, siku ile ile. Mwaka 1947, katika mapango ya Kumrani karibu na Bahari ya Chumvi, magombo yalianza kupatikana, na moja likawa la Isaya zima, kubwa kuliko nakala za Kiebrania zilizokuwa zikijulikana kwa miaka ipatayo elfu. Watu wengi walingoja kuona kama Isaya yetu imeharibika. Tofauti zikaonekana nyingi, karibu zote ndogo, za herufi na maneno. Nabii ni yule yule. Uchunguzi ule ule uliotia vifungo katika Marko ndio uliotupa habari hiyo, nasi hatuwezi kuupokea mkono mmoja na kuukataa mwingine.

Baada ya yule kijana, tuliona si haki kuanzia mimbarini. Tuliwaita wazee na wainjilisti wa mitaa, tukaketi nao jioni mbili. Tukasoma Marko 16 polepole, kila mtu na Biblia yake, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa lugha ya nyumbani, tukalinganisha. Tukawaonyesha ya kuwa habari ya kufufuka haikuletwa na mistari ile 12. Mstari wa 6 wamtangaza Bwana kuwa amefufuka, na Paulo alikwisha kuwaandikia Wakorintho orodha ya walioonekana naye kabla Injili yo yote haijaandikwa. Wengi waliridhika upesi, hata tukastaajabu. Mwinjilisti mmoja alisema ya kuwa kwa miaka mingi alikuwa akijiuliza juu ya Mariamu kutajwa mara mbili, akaona haya kuuliza.

Ndipo yule mzee aliyekuwapo siku ya darasa la Kipaimara akasimama. Yeye alizika mtoto wake wa kike, mwenye umri wa mwezi mmoja, aliyebatizwa nyumbani usiku ule ule wa kufa. Akasema, "Baba Mchungaji, usiku ule ulisoma neno la Marko juu ya kichwa chake. Nimelishika neno hilo mpaka leo. Sasa niambie, lilikuwa neno la nani?"

Ndugu, hatukupata kuulizwa swali gumu kama hilo katika mtihani wo wote. Tulinyamaza kidogo. Kisha tukamwambia tulilolijua, bila kuongeza. Tukamwambia ya kuwa mkono ulioandika mstari ule hatuujui. Tukamwambia ya kuwa Luther katika fungu lile la Katekisimo hakuweka shahidi mmoja: ameweka agizo la Mathayo 28, na neno la Paulo kwa Tito sura ya 3 juu ya kuoshwa kwa kuzaliwa mara ya pili, na Warumi 6 juu ya kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo. Ukiuondoa mstari wa Marko, wale watatu hawatikisiki, na ahadi yasimama mahali pale pale. Tukamwambia pia ya kuwa Wakristo walioyatia maneno yale katika Marko hawakubuni ahadi mpya. Waliandika lile ambalo Kanisa lilikuwa limelipokea na kulibatizia watoto wake. Maji yalikuwa maji, na jina lililotajwa juu ya mtoto lilikuwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, nalo liko katika Mathayo bila vifungo.

Mzee akaketi, akakaa kimya mpaka wenziwe walipokwisha kuuliza yao. Tulipokuwa tukitoka alitushika mkono mlangoni, akasema, "Kwa hiyo siku nyingine usome la Mathayo kwanza. Lakini la Marko usiliache, Baba. Nilikwisha lizoea."

Tangu siku hiyo twasoma yote mawili, na la Mathayo hutangulia. Yule kijana tumempelekea barua, tukamwandikia lile tulilopaswa kumjibu darasani, pamoja na kuomba radhi. Bado hajajibu.